Bati la Geji Thelathini

Mvua ya Mei imeulaza uzio wetu chali.
Fito zimeoza, makuti yamebaki mbavu tupu,
na sasa naona moja kwa moja
hadi jikoni kwa Shekuwe,
naye aona hadi kambani kwangu,
leso zangu mbili na ile iliyotoboka.
Hatujasemezana tangu Mfungo Tano.

Sababu? Andika:
jogoo wake, awahiye kumwamsha mwadhini;
maji ya fuo, ayaelekezayo mlangoni pangu;
bikoni ya mpaka, iliyotembea usiku mmoja
hatua mbili kuja kwangu, jiwe lisilo miguu.
Nami nilikata tawi la mkwaju wake
likiwa na maua.
Hilo nalo liandike.

Nimekwenda Kongowea kuuliza bei.

Seng'enge, akasema muuzaji, roli moja yatosha uwa mzima.
Lakini seng'enge humzuia ng'ombe,
haimzuii mtu kutazama,
na jicho la Shekuwe halichaniki.

Michongoma, asema binti yangu Mkasi kwenye simu,
ni ya bure, omba miche tu, ungoje miaka mitatu.
Mitatu! Nina sitini na minane,
na hasira yangu haina subira ya mmea.

Basi minyaa? Utomvu wake hupofusha,
na mjukuu wake, yule mwenye pengo,
hupita kwa tumbo kuufuata mpira.
Mtoto hakuisogeza bikoni.

Fundi Chengo akaja na futi yake ya utepe.
"Mama, piga ukuta. Mawe ya kukata, futi saba,
juu utie vigae vya chupa.
Hutamsikia tena."

Hutamsikia tena.
Neno hilo nililala nalo kama mto mpya.
Nikahesabu mawe, nikahesabu mifuko ya saruji,
zikaisha za chama, nikaingia zile za sanda,
nikasema potelea mbali, nizikwe na leso.

Kisha ikafika Jumatano.

Huku Mtopanga maji ya mfereji
huja Jumatano, saa nane za usiku,
hukaa saa moja, hukatika.
Masikio yangu hayanitumikii tena.
Lakini kwenye uzio ule wa kale palikuwa na kiraka,
kipande cha bati nilichozibia tundu la kuku,
na kila Jumatano, mwaka wa kumi na mmoja huu,
mtu hukigonga.
Ngo. Ngo. Ngo.
Hasemi kitu. Haniamkui.
Nasikia viatu vyake vya mpira vikirudi,
kisha ndoo yake ikianza kuimba.

Aligonga hata juma lile tulilopelekana kwa chifu.
Aligonga hata siku ya pili ya bikoni,
udongo wangu ungali kwenye kucha zake.

Jumatano hii uzio uko chini, kiraka kimefunikwa na tope.
Niliamka saa kumi na moja.
Mfereji ulikohoa upepo mtupu.

Ukuta wa mawe, nani atanigongea?

Nimenunua mabati. Geji thelathini,
membamba kuliko yote dukani.
"Mama, haya upepo ukipita tu yanapiga kelele,"
muuzaji akanionya.
Nikamwambia, funga kamba, pakia.
Chengo alipigilia misumari akicheka kwa puani.

Sasa limesimama, linang'aa kama sufuria ya harusi.
Shekuwe ameshatuma mtu:
bati lamrudishia jua, migomba yake itaungua.
Nimemjibu kwa mtu huyo huyo:
airudishe bikoni, nami nitalipaka rangi,
rangi aitakayo yeye.
Hajajibu. Jogoo wake ndiye ajibuye.

Leo Jumanne.
Ndoo zangu nimezipanga upande ule,
midomo juu.